Kahawa Ikilipwa

Mkulima wa kahawa wa Umatengo, milimani Mbinga, hupata fedha za maana mara moja kwa mwaka, au mara chache. Kahawa huanza kuiva Juni, huchumwa, humenywa, huanikwa, hupelekwa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kisha watu husubiri. Malipo yakitoka, mji wa Mbinga hubadilika kwa wiki kadhaa. Mabati yanapakiwa magarini, madeni ya dukani yanafutwa, pikipiki mpya zinapita barabarani, na vilabu vya pombe vinajaa tangu mchana. Ukishuka milima kuelekea Ziwa Nyasa, kalenda ni nyingine ila mwendo ni uleule. Wavuvi wa usipa, samaki wadogo wa ziwa hilo, wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi huvua usiku wa giza, taa zikiwakusanya samaki. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa, taa hupoteza nguvu, mitumbwi hupumzika mchangani, na mvuvi hujikuta ana fedha mfukoni, hana kazi ya usiku, na wenzake wote wana nafasi kama yeye.

Naanza na kalenda kwa makusudi. Tukimzungumzia mtu aliyeshindwa na pombe, huwa tunaanzia moyoni mwake: hana msimamo, hana haya, hawapendi wanawe. Wachunguzi wa ubongo kwa zaidi ya miaka 50 wamekuwa wakitazama kwingine. Wameona kwamba tamaa ya mraibu ina saa yake, mahali pake na watu wake, na kwamba mtu akishajua inakotokea anaweza kuipangia mapema. Huku kwetu Mbinga na Nyasa hatari hiyo tunaijua hadi mwezi itakaofika. Ni ajabu kwamba hatuitumii elimu hiyo.

Tuanze na ubongo wenyewe. Wolfram Schultz, mwanasayansi Mjerumani aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Fribourg, Uswisi, alikuwa akisikiliza seli za ubongo wa tumbili zinazotoa dopamini, kemikali ambayo seli hizo hutumia kupashana habari. Tumbili akipewa tone la maji ya matunda, seli zilitoa ishara kwa wingi. Kisha Schultz akaanza kuwasha taa kabla ya kila tone. Baada ya siku za mazoezi jambo likageuka: tone lilipofika seli zilibaki tulivu, lakini taa ilipowaka zilitoa ishara kwa nguvu. Na taa ilipowaka bila tone kufuata, ishara zilishuka chini ya kiwango chake cha kawaida, katika nukta ileile ambayo tone lilipaswa kufika.

Matokeo hayo, ambayo Schultz aliyachapisha pamoja na Peter Dayan na Read Montague mwaka 1997, yalibadili namna ya kuuelewa uraibu. Dopamini haipimi utamu. Inapima tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana, na kwa njia hiyo ubongo hujifunza ni dalili gani katika mazingira zinazotangulia jambo jema. Pombe, nikotini na heroini huongeza dopamini kwa nguvu ya kemikali yake, kwa hiyo ubongo huendelea kuandikiwa kwamba hiki ni kitu kikubwa, hata pale mnywaji mwenyewe haoni tena raha yoyote. Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, ameonyesha kwa kazi ya miaka mingi kwamba kutaka kitu na kukifurahia ni mambo mawili yanayoendeshwa na sehemu tofauti za ubongo. Ndiyo maana unaweza kumsikia mtu akisema pombe imemchosha, haioni ladha, imemharibia nyumba, na jioni ukamkuta palepale kwenye benchi. Watu humwita mnafiki. Anasema kweli: kufurahia kumekwisha, kutaka kumebaki.

Taa ya tumbili wa Schultz huku kwetu ina sura nyingi. Ni harufu ya kimea na mahindi kwenye pipa linalochemka. Ni redio ya kilabuni inayosikika kutoka njia panda. Ni rafiki anayepiga honi nje ya nyumba. Siku hizi ni mlio wa simu unaoleta ujumbe kwamba fedha za kahawa zimeingia. Mtu hajaonja tone, na ubongo wake umeshaanza safari.

Mwili nao husafiri. Mwaka 1982 Shepard Siegel na wenzake nchini Kanada waliwazoesha panya heroini kidogo kidogo, kila mara katika chumba kimoja. Baadaye waliwapa dozi kubwa, baadhi katika chumba kilekile, wengine katika chumba ambacho hawajawahi kupewa dawa hiyo. Katika chumba walichokizoea walikufa takriban thuluthi moja. Katika chumba kigeni walikufa karibu thuluthi mbili. Dawa ilikuwa ileile na kipimo kilekile. Maelezo ya Siegel ni kwamba mwili ukiona dalili za mahali ulipozoea kulewa hujiandaa mapema kwa kuvuta upande wa pili, ili sumu itakayokuja isiuangushe. Sasa mfikirie aliyeacha pombe wiki tatu akipita mbele ya kilabu chake cha zamani. Mwili unajiandaa kupokea pombe ambayo haiji. Anatetemeka, jasho linamtoka, roho inamruka. Akimweleza mtu ataambiwa ni uzushi, kwamba wiki tatu ni nyingi. Hali yenyewe imo mwilini kweli, na imeamshwa na mahali.

Hapa pana habari moja ambayo kila mwenye ndugu mraibu anastahili kuijua. Mwaka 1971 serikali ya Marekani iligundua kwamba askari wake wengi waliokuwa Vietnam walikuwa wakitumia heroini na afyuni. Mtafiti Lee Robins alipewa kazi ya kuwafuatilia. Aliona kwamba karibu mmoja kati ya watano alikuwa ameshakuwa mraibu akiwa huko vitani. Wote walitarajia janga askari hao watakapofika nyumbani. Lakini kati ya waliokuwa waraibu Vietnam, ni takriban asilimia 5 tu waliorudia uraibu ndani ya mwaka wa kwanza nyumbani, na asilimia 12 ndani ya miaka mitatu. Wengine walionja tena bila kunasa. Wapo waliokataa kuyaamini matokeo haya, na Robins alilazimika kuyatetea kwa miaka. Kilichokuwa kimebadilika kwa askari hao ni karibu kila kitu kilichowazunguka: nchi, kazi, hofu, wenzao wa kuvuta nao, bei, na urahisi wa kupata.

Mkulima wa Mbinga hana ndege ya kumtoa vitani. Akiamka kesho shamba lake liko kwenye mteremko uleule, kilabu kiko njia ileile, na waliokunywa naye jana ni shemeji zake. Hata waliopata nafasi ya kwenda mbali wanaujua ugumu huu. Zanzibar na bara kuna nyumba za upataji nafuu, sober house kama zinavyoitwa mtaani, ambako mtumiaji wa heroini hukaa miezi akiwa mbali na kijiwe chake. Kukaa humo kuna jasho lake, ila mtihani mkubwa huja siku anaporudi mtaani kwao. Kwa waraibu wa heroini tuna angalau dawa ya methadoni, iliyoanza kutolewa hospitali ya Muhimbili mwaka 2011 na kusambaa hadi mikoa mingine ikiwemo Mbeya. Kwa pombe, inayoumiza watu wengi zaidi vijijini, hatuna mpango wa ukubwa huo. Dawa za kusaidia zipo duniani, kama naltreksoni na disulfiramu, lakini si rahisi mtu wa kijijini kuzifikia. Kinachobaki ni kuhamisha kijiji kimzunguke mtu kwa namna nyingine, yaani kubadilisha njia anazopita, saa zake, mkondo wa fedha zake na watu anaokaa nao.

Serikali iliwahi kutuonyesha mfano. Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba pombe kali za kwenye vifuko vya plastiki, viroba, zingepigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi mwaka huo. Malawi, ng'ambo ya ziwa, ilikuwa imechukua hatua kama hiyo mwaka 2015. Kiroba kiliingia mfuko wa shati. Kiliingia shambani, kwenye mtumbwi, kwenye pikipiki ya bodaboda, na kwenye begi la mwanafunzi. Kilinunuliwa kwa fedha ya chenji. Marufuku ile haikumaliza ulevi, na wenye gongo waliendelea na kazi yao ingawa sheria imeizuia tangu miaka ya 1960. Lakini iliondoa pombe kali kwenye meza ya kila kioski, na ikapandisha kiasi cha chini kabisa cha fedha ambacho mtu alihitaji ili alewe. Nasema wazi kwamba ilikuwa hatua sahihi. Mtu anayepambana na tamaa ya dakika kumi anasaidiwa sana na umbali wa dakika kumi na tano.

Kabla ya kwenda mbele kwenye fedha na watu, kuna onyo ambalo makala nyingi za kuhimiza watu waache pombe hulisahau. Pombe hupunguza kasi ya ubongo kwa njia mbili: huongeza nguvu ya kemikali iitwayo GABA, inayotuliza, na huzuia glutamati, inayochangamsha. Mtu anayekunywa sana kila siku kwa miezi au miaka, ubongo wake hujisawazisha kwa kupunguza utulivu wake wa asili na kuongeza uchangamfu. Pombe ikiondolewa ghafla, uchangamfu hubaki bila breki. Saa kadhaa baadaye mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio, usingizi unakimbia. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kupata degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huona vitu visivyokuwepo, huchanganyikiwa, joto hupanda, na asipotibiwa anaweza kufa. Ndugu wakiona hivyo husema amerogwa, au wanampa kidogo ya kuzimua. Kuzimua kunamtuliza kwa kweli, kwa sababu kunairudisha breki ileile, na ndivyo mzunguko unavyoanza upya.

Kwa hiyo anayetetemeka asubuhi mpaka apate glasi ya kwanza asiache peke yake nyumbani. Mahali pake ni hospitalini. Huko atapewa dawa kama diazepamu kwa vipimo vinavyopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, kwa kuwa walevi wa muda mrefu hupungukiwa nayo na upungufu huo unaweza kuharibu kumbukumbu moja kwa moja. Wilaya hizi mbili hazikosi pa kuanzia: Mbinga mjini, hospitali ya misheni ya Litembo, ile ya Mtakatifu Anna pale Liuli, na kwa mambo mazito Peramiho au Songea. Wanywaji wengi hawajafikia hatua hiyo, na kwao kupunguza au kuacha nyumbani hakuna hatari hiyo. Tofauti kati ya makundi haya mawili ni suala la uhai, na familia inapaswa kuijua kabla ya kutoa amri.

Sasa fedha. Malawi walifanya utafiti ambao ungefaa kusomwa katika kila mkutano mkuu wa AMCOS za Mbinga. Wachumi Lasse Brune, Xavier Giné, Jessica Goldberg na Dean Yang waliwaendea wakulima wa tumbaku, watu wanaopata fedha kwa mkupuo baada ya mavuno kama sisi. Kundi moja lililipwa taslimu kama kawaida. Wengine walipewa nafasi ya kupokea malipo ya zao moja kwa moja katika akaunti zenye majina yao, na baadhi yao waliruhusiwa kufunga sehemu ya fedha mpaka tarehe waliyoichagua wenyewe. Wakulima waliopewa nafasi ya akaunti walikuwa na akiba zaidi msimu wa kupanda ulipokaribia, walitumia pembejeo zaidi, na mauzo yao ya msimu uliofuata yakapanda. Utafiti ule haukuwa wa pombe. Lakini unaonyesha jinsi njia ambayo fedha inapita inavyoamua itakakoishia, na hilo ndilo swali la kila mke wa Mbinga mwezi wa malipo.

Kuna utafiti mwingine, huu wa pombe hasa. Frank Schilbach alifanya kazi na waendesha baiskeli za abiria 229 katika jiji la Chennai, India, wanaume wa kazi ngumu wanaokunywa karibu kila siku. Baadhi yao walilipwa kiasi kidogo kila walipofika ofisini bila pombe kwenye pumzi. Unywaji wa mchana ulipungua, na akiba zao zikaongezeka kwa zaidi ya nusu, ingawa kipato chao cha kazi hakikupanda. Kilichonigusa zaidi ni jambo lingine. Schilbach aliwapa uchaguzi kati ya kulipwa kwa sharti la kutokulewa na kulipwa bila sharti lolote. Kati ya thuluthi moja na nusu yao walichagua sharti, hata pale lilipomaanisha kupata fedha kidogo zaidi. Walijijua. Waliomba kufungwa mikono wakiwa bado na akili timamu.

Watu wa aina hiyo wapo Mbinga na Nyasa, na wengi. Ni yule anayemkabidhi dada yake kadi ya benki Agosti. Ni yule anayelipa ada ya mwaka mzima siku ileile ya malipo, akanunua mbolea na mabati kabla hajaonja kitu, ili jioni imkute na elfu chache tu. Vikundi vya hisa vyenye sanduku la kufuli tatu, kila ufunguo na mtu wake, vinafanya kazi hiyo bila kutaja pombe. Sishangai kwamba watu wengine bado wanaogopa benki. Mei 2017 Benki Kuu iliifutia leseni Mbinga Community Bank, na kumbukumbu ya namna hiyo haifutiki upesi mjini. Hata hivyo sanduku la kikundi, akaunti ya pamoja na mke, au ombi kwa AMCOS kwamba sehemu ya malipo iende kwa mwenye duka la pembejeo, vyote ni kinga kuliko noti za elfu kumi kumi mfukoni saa tisa mchana.

Wamatengo hawahitaji kufundishwa wazo lenyewe. Kwa vizazi vingi wamelima ngolo kwenye miteremko mikali. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, wanawake huchimba udongo wa katikati na kuzifunika, na mlima mzima hubaki na mashimo yenye matuta pembeni. Mvua ya Umatengo ni kubwa na hakuna aliyewahi kuizuia. Maji yananyesha, yanaingia shimoni, yanatulia, yanazama, na udongo unabaki mlimani. Kinachostahili kuigwa ni maandalizi: shimo liko tayari kabla maji hayajateremka. Mpango wa fedha za kahawa nao unajengwa kabla ya malipo, maana siku ya malipo ubongo wa mraibu unafanya hesabu nyingine.

Kuhusu watu wa kukaa nao, sayansi ina maneno mazito. Mark Litt na wenzake huko Connecticut, Marekani, waliwafuatilia watu waliokuwa wakitibiwa ulevi, wakaona kwamba kumwongeza mtu mmoja tu asiyekunywa katika mduara wa karibu wa mgonjwa kulihusiana na ongezeko la asilimia 27 la uwezekano wa kukaa bila pombe mwaka uliofuata. Mtu mmoja. Vikundi vya walevi waliopata nafuu, vilivyoanza Akron, Ohio mwaka 1935, vinafanya kazi kwa sehemu kubwa kwa njia hii: vinampa mtu mahali pa kukaa jioni na watu wa kumpigia simu.

Jambo hili huku kwetu lina uchungu wake, kwa sababu kilabu cha pombe si mahali pa ulevi tu. Ndipo mtu anapopata habari ya kibarua, bei ya kahawa, msiba wa kijiji cha pili. Anayeacha pombe anaacha na hayo yote, na upweke wake ni sababu kubwa ya kurudi. Na mama anayepika pombe ile mara nyingi anasomesha watoto kwa pipa lake. Kumwita adui wa jamii ni kumwonea. Mahitaji yanayompeleka mtu kilabuni ni ya haki, na lazima yapatiwe mahali pengine. Togwa inaweza kusaidia. Ni kinywaji chetu, kina kimea kilekile, kinashibisha, na kikinywewa kibichi siku ya kupikwa hakileweshi. Mama mwenye pipa anaweza kuuza togwa kwenye benchi la pili. Mtu akakaa na kikombe mkononi, akaongea, akacheka, akarudi nyumbani akiwa mzima. Kwa aliyetoka juzi katika ulevi mkubwa benchi hilo liwe mbali na kilabu, kwa sababu tulizozisoma kwa panya wa Siegel.

Umatengo ulikuwa pia na sengu. Wanaukoo walikula pamoja kwa mzee wao na mambo yakazungumzwa hapo: mashamba, ugomvi, kijana anayepotea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wakishirikiana na Wajapani, walipokwenda kuanzia mwaka 1999 kufanya kazi na kijiji cha Kindimba, waliikuta sengu imedhoofika lakini ikiwa bado hai vichwani mwa watu, na kijiji kikaitumia kuunda kamati ya kusimamia miradi yake. Sisemi sengu ni tiba ya ulevi. Nasema mahali ambapo watu wa nyumba moja hukutana kila mara, bila kuitishwa na kashfa, ni mahali ambapo mtu anaweza kusema nimeshindwa kabla shamba halijauzwa.

Kuna imani kwamba tabia mpya hujengeka kwa siku 21. Inasemwa makanisani, inasambazwa kwenye simu, na chanzo chake ni maneno ya daktari wa upasuaji wa sura, Maxwell Maltz, katika kitabu chake cha 1960, aliyekuwa akieleza muda wa wagonjwa kuizoea sura yao mpya. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walipima jambo lenyewe kwa watu 96 waliojaribu kujenga tabia moja ndogo ya kila siku, kama kunywa maji baada ya chakula. Muda wa kati ulikuwa siku 66. Aliyewahi alichukua siku 18, na kwa wa mwisho hesabu ilifika siku 254. Walikuta pia kwamba kuikosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia. Anayeacha pombe Julai asishangae kama Oktoba bado anahesabu kila jioni. Na aliyeteleza Jumamosi asimalize mwezi kwa kujiambia kwamba ameshaharibu. Kuteleza kwa siku moja kunatibika. Fikra ya kwamba yote yamekwisha ndiyo inayomrudisha mtu mwanzo.

Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia Mjerumani, ameonyesha kwamba nia ya jumla ina nguvu ndogo ikilinganishwa na mpango uliotaja saa na mahali. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya tafiti 94 na kuona manufaa ya mpango wa namna hiyo yakijirudia. Mfano wa Nyasa ungekuwa: mbalamwezi ikishakua, nitakwenda kutengeneza nyavu kwa mjomba Lundo, si kukaa ufukweni. Wa Mbinga: fulani akinipigia honi siku ya malipo, nitamjibu kwamba fedha iko kwa mama watoto. Sentensi iwe tayari mdomoni, imesemwa mara nyingi, imejaribiwa mbele ya mke. Tamaa ikifika haimpi mtu nafasi ya kutunga.

Mazungumzo ya kitaalamu yanasaidia, na hayahitaji daktari bingwa. Eldoret, Kenya, Rebecca Papas na wenzake waliwafundisha watu wasio wanasaikolojia kuendesha vikao sita vya kila wiki kwa watu wanaoishi na VVU wenye tatizo la pombe. Katika utafiti wao wa watu 614, uliochapishwa mwaka 2021, waliopata vikao vya kubadili fikra na tabia walipunguza unywaji kuliko waliopata elimu ya afya ya kawaida. Moshi, katika hospitali ya KCMC, wauguzi wamefundishwa kuzungumza kwa muda mfupi na majeruhi wanaofika wakiwa wamekunywa, katika mpango uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako, kisha mgonjwa hufuatwa na ujumbe wa simu. Maswali kumi ya AUDIT, ambayo Shirika la Afya Duniani liliyatengeneza kwa kupima katika nchi sita, Kenya ikiwemo, yanaweza kuulizwa na mhudumu wa afya wa zahanati yoyote kwa dakika chache. Anayefikisha alama 8 anahitaji mazungumzo. Hakuna kinachozuia hilo kufanyika Lituhi au Maguu zaidi ya kutoamua.

Viongozi wa AMCOS, kahawa inaanza kuiva Juni. Itisheni mkutano Aprili, mmwulize kila mwanachama, mwenye tatizo na asiye nalo, kama angependa sehemu ya malipo yake iende kwenye ada, pembejeo au akaunti ya pamoja na mwenzi wake, na mwandikishe majibu kabla debe la kwanza halijachumwa. Wenyeviti wa mialo ya ziwani, ongeeni na wavuvi kuhusu wiki za mbalamwezi. Na wewe msomaji, kama nyumbani kwako kuna anayeanza kunywa asubuhi ili mikono itulie, usimlazimishe aache usiku wa leo. Kesho mpeleke hospitali, ukae naye foleni.